RAM ya laptopu: itambue kabla ya kulipa nauli ya kwenda mjini

Kati ya maswali ya kompyuta tunayoletewa na wasikilizaji, kuna moja ambalo kwa kawaida hufika likiwa limechelewa. Mtu ameshanunua RAM mjini, amefika nayo nyumbani, na haiingii. Au imeingia vizuri tu, lakini laptopu ikiwashwa skrini inabaki nyeusi. Kwa anayeishi hatua chache kutoka dukani, hilo ni kosa la dakika kumi. Kwa anayepanda basi la alfajiri na kurudi usiku, ni nauli nyingine, siku nyingine ya kazi, na muuzaji ambaye huenda asikubali kubadilisha mali iliyokwisha kutoka dukani.

Yametukuta na sisi. Laptopu tunayotumia kuhariri vipindi ilikuwa na RAM ya GB 4, na ilipofika mahali pa kuganda katikati ya kazi tukaamua kuiongezea. Tulimwagiza mwenzetu aliyekuwa anakwenda mjini: "Tuletee RAM ya laptopu, GB 4." Akaileta, mpya kabisa, lakini haikuingia kwa sababu mkato wake ulikuwa mahali pengine. Safari ya pili tukasema "DDR3". Tukaletewa DDR3, ikaingia, ikabana sawasawa, na skrini ikawa giza. Kumbe mashine ilitaka DDR3L. Safari ya tatu tulituma picha ya kile kipande cha zamani, na hapo ndipo tulipopata tulichokuwa tunatafuta. Makala haya yanaeleza mambo ambayo, kama tungeyajua mapema, yangetuokolea safari mbili.

Kwanza, RAM si diski

Wengi wetu tumeijua RAM kupitia simu. Simu inauzwa kwa namba mbili: RAM 4, hifadhi 64. Ile 64 ni ghala. Picha, nyimbo na mafaili hukaa humo hata simu ikizimwa. Ile 4 ndiyo RAM, nayo ni kama meza ya kazi. Kila unachokifungua huwekwa mezani, na umeme ukikatika meza inabaki tupu. Kwenye laptopu mambo ni yale yale. Meza ikijaa, kompyuta huanza kuazima nafasi ghalani, na kwa kuwa diski ni ya polepole kuliko RAM, mashine nzima huonekana imechoka.

Jina "memori" limewachanganya watu wengi, maana dukani linaweza kumaanisha kadi ya simu, diski au RAM. Siku hizi kuna jambo jingine la kuchanganya: SSD za aina ya M.2, ambazo nazo ni vipande vyembamba vyenye chipu na meno ya dhahabu. Zitofautishe kwa meno. SSD ya M.2 ina upana wa milimita 22 na meno yake yako kwenye upande mfupi. RAM ya laptopu ina meno kwenye upande wake mrefu, pande zote mbili za kibao, na urefu wake ni karibu sentimita 7. RAM ya kompyuta ya mezani ni ndefu karibu mara mbili, milimita 133, na haiwezi kuingia kwenye laptopu hata ungeibembeleza vipi.

Na kabla hujanunua chochote, hakikisha kwamba tatizo ni RAM kweli. Kwenye Windows 10 au 11 bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc ili ufungue Task Manager. Fungua programu unazotumia kila siku, kisha uangalie asilimia zilizo chini ya Memory na Disk. Memory ikikaa kwenye 85 au 90, RAM itakusaidia. Memory ikiwa 50 huku Disk imeganda kwenye 100, na laptopu yako bado ina ile diski ya zamani inayozunguka, basi fedha hiyo ingefaa zaidi kununua SSD. Hatusemi hivyo ili kukukatisha tamaa. Tumeona watu wakiongeza RAM na mashine ikabaki nzito vilevile.

Anza kwa kuiuliza laptopu yenyewe

Ukiwa humohumo kwenye Task Manager, fungua sehemu ya Performance, kisha Memory. Upande wa chini utaona mambo manne yanayohitajika: jumla ya RAM, kasi yake (Speed), soketi ngapi zimetumika (Slots used), na umbo lake (Form factor). Ikiandikwa SODIMM, RAM yako ni kipande kinachochomolewa. Ikiandikwa Row of chips, kwa kawaida maana yake RAM imechomelewa kwenye bodi kiwandani, na hilo tutalirudia. Idadi ya soketi usiiamini kwa asilimia mia. Baadhi ya laptopu huripoti soketi ambayo ukifungua huioni, kwa hiyo fungua kifuniko uone kwa macho.

Kasi nayo inaongea. Namba kama 1066, 1333 na 1600 ni za DDR3. Ukiona 2133, 2400, 2666 au 3200 kwenye kipande cha SODIMM, hiyo ni DDR4. Kuanzia 4800 kwenda juu ni DDR5. Namba 667 kwa kawaida ni DDR2. Hapa kuna mtego mdogo: programu nyingine za kupima huonyesha nusu ya namba hiyo, 800 badala ya 1600, kwa mfano. Si kwamba umeibiwa. RAM za familia ya DDR hupeleka data mara mbili katika kila pigo moja la saa yake, kwa hiyo programu moja inahesabu mapigo na nyingine inahesabu safari za data.

Usipopata hayo, tafuta aina ya prosesa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha Enter, uangalie mstari wa Processor. Kwenye prosesa za Intel Core i3, i5 na i7, namba ya kwanza baada ya kistari hutaja kizazi: i5-2520M ni kizazi cha 2, i5-4300U ni cha 4, i5-8250U ni cha 8, na i5-10210U ni cha 10. Laptopu za vizazi vya 1 hadi 3 hutumia DDR3. Za kizazi cha 4 na cha 5 hutaka DDR3L. Kizazi cha 6 ni njia panda: nyingine zina DDR3L, nyingine DDR4, kwa hiyo hapo lazima ufungue uone. Kuanzia cha 7 hadi cha 11 nyingi ni DDR4, na kuanzia cha 12 unaweza kukuta DDR4 au DDR5. Zile za zamani zenye Core 2 Duo hutumia DDR2 au DDR3.

Wanaotumia Ubuntu au Linux nyingine wana njia rahisi kuliko wote. Fungua Terminal, andika sudo dmidecode -t memory, uweke nywila yako, na utasomewa kila soketi: aina, ukubwa, kasi na namba ya kipande.

Mkato ndiyo hakimu

Chukua kipande cha RAM, kielekeze meno chini. Katikati ya safu ya meno utaona mkato mmoja. Ndani ya soketi kuna ulimi mdogo wa plastiki unaoingia kwenye mkato huo. Kila kizazi kilihamishiwa mkato wake mahali pengine kwa makusudi, ili mtu asiweze kuweka RAM ya umeme wa juu kwenye mashine ya umeme wa chini. Ndiyo maana tunasema hivi kwa msisitizo: RAM ikigoma kuingia, usiilazimishe. Kinachokuzuia ni ulimi ule, na ukiuvunja umeharibu bodi ya laptopu kwa ajili ya kipande cha bei ndogo.

DDR2 ina meno 200, yaani 100 kila upande, na mkato wake uko pembeni kabisa, karibu sehemu moja ya tano kutoka mwisho mmoja. DDR ya kwanza nayo ina meno 200 na mkato wake uko karibu sana na hapo, kiasi kwamba jicho pekee linaweza kukudanganya. Lakini laptopu zinazotumia DDR ya kwanza ni za zamani sana, na kuna uwezekano mkubwa hutazikuta. DDR2 bado zipo kwenye maboksi ya mafundi. Vipande vyake vingi ni vya GB 1 na GB 2. Vya GB 4 ni adimu na kwa sababu hiyo ni ghali kuliko inavyostahili. Tukiulizwa, tunasema usitumie fedha nyingi kuifufua laptopu ya DDR2.

DDR3 ina meno 204 na mkato wake umesogea ndani, karibu thuluthi moja kutoka mwisho mmoja. Hii ndiyo utakayoikuta zaidi kwenye laptopu za mtumba zilizotengenezwa kati ya 2010 na 2015.

DDR4 ina meno 260, membamba na yaliyokaribiana zaidi, na mkato wake uko karibu na katikati, ingawa si katikati kabisa. Kibao chenyewe ni kirefu kwa milimita 2 kuliko cha DDR3: milimita 69.6 badala ya 67.6. Ukiviweka viwili kimoja juu ya kingine tofauti inaonekana.

DDR5 ina meno 262 na urefu sawa na DDR4, kwa hiyo kwa haraka vinafanana. Tofauti ya kuangalia ni kwamba DDR5 ina chipu ndogo ya kusimamia umeme juu ya kibao chenyewe, kazi ambayo kwenye vizazi vya nyuma hufanywa na bodi ya laptopu. Hapa soma lebo; usitegemee jicho.

Kwenye vibao vingi, ukichungulia pembeni mwa meno utaona namba ndogo zimechapwa: 1 upande mmoja, na mwisho wa pili 199, 203 au 259. Piga picha kwa simu, uikuze. Namba 203 inakwambia ni DDR3, na 259 inakwambia ni DDR4, hata kama hakuna lebo.

Herufi L iliyotugharimu

DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5. DDR3L hutumia volti 1.35, na hiyo L inasimamia umeme mdogo. Meno ni yale yale 204 na mkato uko mahali palepale, kwa hiyo hakimu wetu wa mkato hapa hawezi kukusaidia. Zote mbili zinaingia.

Kanuni yake inakwenda upande mmoja. DDR3L inaweza kufanya kazi kwenye volti 1.35 na pia kwenye 1.5, kwa hiyo kwa kawaida unaweza kuiweka kwenye laptopu ya zamani iliyokuwa na DDR3. Kinyume chake hakifanyi kazi. Laptopu za Intel za kizazi cha 4 zinatoa volti 1.35 tu, na ukiziwekea DDR3 ya kawaida hazitawaka. Nyingine hulia mlio wa kurudiarudia, nyingine huwasha taa na feni bila picha. Yetu ilikuwa i5 ya kizazi cha 4. Hakuna kilichoungua. Tulipoitoa ile RAM na kurudisha ya zamani, laptopu iliwaka kama kawaida, na tulikuwa tumeshapoteza usiku mzima tukidhani tumeua mashine ya ofisi.

Ukiwa na shaka kati ya mbili hizi, nunua yenye L.

Kusoma lebo, kipande kwa kipande

RAM nyingi zina karatasi ya lebo, na ndani ya maandishi yote yale kuna mstari mmoja wenye maana. Chukua mfano wa mstari huu: 4GB 1Rx8 PC3L-12800S-11.

4GB ni ukubwa. PC3L maana yake ni DDR3 ya volti ndogo. Ingekuwa PC3 peke yake, ni DDR3 ya volti 1.5, PC2 ni DDR2, PC4 ni DDR4, PC5 ni DDR5. Namba 12800 ni kiasi cha data kinachoweza kupita, kwa megabaiti kwa sekunde, na ukiigawa kwa 8 unapata kasi: 12800 kwa 8 ni 1600. Vivyo hivyo 10600 ni ile ya 1333 na 8500 ni ile ya 1066, zikiwa zimekadiriwa kidogo. Kwenye DDR2 utaona 5300, ambayo ni 667, na 6400, ambayo ni 800. Lebo nyingi za DDR4 zimeacha hesabu hiyo na kuandika kasi moja kwa moja, kama PC4-2400T au PC4-3200AA. Herufi S baada ya 12800 inakwambia hiki ni kipande cha laptopu. Ukikuta U mahali pale, ni cha kompyuta ya mezani.

Ile 1Rx8 watu wengi huipita, na wanaofanya hivyo wakati mwingine huumia. Kwa maneno mepesi inaeleza jinsi chipu zilivyopangwa: 1Rx8 kwa kawaida ni chipu 8, na 2Rx8 ni chipu 16, nane mbele na nane nyuma. Kwa laptopu za Intel za kizazi cha 4 na zilizotangulia hili ni muhimu unaponunua DDR3L ya GB 8. Prosesa hizo hazielewi chipu kubwa zilizokuja baadaye, kwa hiyo zinataka GB 8 iliyogawanywa kwenye chipu 16. Kipande cha GB 8 chenye chipu 8 tu, 1Rx8, kitaingia, kina L yake, kila kitu kinaonekana sawa, na mashine haitawaka. Mwambie muuzaji wazi: GB 8, 2Rx8.

Namba ndefu ya kiwanda nayo inasomeka ukiijua. Kwenye RAM za Samsung za laptopu, M471B ni DDR3 na M471A ni DDR4. Kwenye zile za DDR3 angalia mwishoni: CK0 ni volti 1.5, YK0 ni volti 1.35. Kingston huandika kama KVR16LS11/8: 16 ni kasi ya 1600, L ni volti ndogo, S ni ya laptopu, na 8 ya mwisho ni GB 8.

Lebo ikiwa imebanduka

Kwenye mitumba hili ni la kawaida, na kuna lebo zinazobandikwa upya na watu wasio waaminifu. Kwa hiyo zisome chipu zenyewe, zile zenye rangi nyeusi. Washa tochi ya simu, iinamishe pembeni ili maandishi yatokee, kisha upige picha. Chipu za Samsung zinaanza na K4T kwa DDR2, K4B kwa DDR3 na K4A kwa DDR4. Za SK Hynix zinaanza na H5PS kwa DDR2, H5TQ kwa DDR3 ya volti 1.5, H5TC kwa DDR3L, na H5AN kwa DDR4.

Ukubwa pia unaweza kuuhesabu. Chukua chipu iliyoandikwa K4B4G08 na kuendelea. Ile 4G ni gigabiti 4, na biti 8 hufanya baiti 1. Kwa hiyo kibao chenye chipu 8 za gigabiti 4 kina GB 4, na chenye chipu 16 kina GB 8. Mtu akikuuzia kibao chenye chipu 8 zilizoandikwa 2G huku lebo inasema GB 4, lebo hiyo inasema uongo; hapo una GB 2.

Kupanga rundo la vipande

Shule zinazopokea kompyuta za msaada, na vijana wanaoanza ufundi, hujikuta na boksi la RAM zilizochanganyika. Usianze kuzijaribu moja moja kwenye mashine, utamaliza siku. Tandika karatasi safi mezani, nawa mikono na uikaushe, na kabla ya kugusa chochote shika chuma kisichopakwa rangi, kama fremu ya dirisha, ili umeme tuli ulio mwilini utoke. Umeme huo hauuoni wala huusikii, lakini unaweza kuua chipu. Shika vibao kwa kingo, si kwa meno.

Ondoa kwanza vile virefu vya kompyuta ya mezani. Vilivyobaki vigawe kwa mkato, mafungu manne: wa pembeni, wa thuluthi, na wa katikati, ambao utaugawa tena kuwa DDR4 na DDR5 kwa lebo. Fungu la DDR3 lichambue lenye L na lisilo na L. Baada ya hapo ndipo upange kwa ukubwa, na mwisho kwa kasi. Kasi tumeiweka mwisho kwa sababu ndiyo yenye kusamehe zaidi: ukichanganya kipande cha 1333 na cha 1600, kwa kawaida vyote vitakwenda kwa kasi ya kile cha polepole. Vipande viwili vinavyofanana kabisa vifunge pamoja. Laptopu yenye soketi mbili hufanya kazi vizuri zaidi ikipewa viwili vilivyo sawa.

Kila kipande kibandike karatasi ndogo ya gundi yenye maandishi mafupi: "DDR3L 4GB, imepimwa" au "haijapimwa". Usivitupe tu kwenye mfuko wa plastiki wa kawaida, ambao hutengeneza umeme tuli. Tumia ile mifuko ya kijivu inayong'aa ambayo vifaa vya kompyuta huja nayo. Fundi yeyote anayo ya ziada.

Kukiweka ndani

Zima laptopu kabisa, usiiache imelala. Chomoa chaja, toa betri. Kama betri iko ndani, chomoa plagi yake kwenye bodi ukishafungua. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. RAM imeshikwa na vibano viwili vya chuma. Vitanue taratibu kwa vidole na kibao kitainuka chenyewe. Kipya kiingize kikiwa kimeinama, kama nyuzi 30, mpaka meno yote yazame, ndipo ukilaze mpaka vibano vilie "ta". Meno ya dhahabu yakibaki yanaonekana kwa wingi, hakijaingia sawa.

Skrini ikiwa nyeusi, usikimbilie kusema RAM ni mbovu. Itoe, sugua meno yake taratibu kwa ufutio safi wa penseli, pangusa vumbi, uirudishe. Ijaribu peke yake, kisha kwenye soketi ya pili. Laptopu mpya za DDR5 zinaweza kukaa kimya kwa dakika kadhaa mara ya kwanza zinapokutana na RAM mpya, zisubiri. Ikiwaka, andika mdsched kwenye kisanduku cha utafutaji cha Windows, na uiache ijipime. Windows ya biti 32 haitatumia zaidi ya GB 4, hata ukiweka 8, na mara nyingi utaona 3 na kitu. Hapo RAM haina kosa. Unatakiwa kuweka Windows ya biti 64.

Zile zisizoongezwa

Laptopu nyembamba nyingi hazina soketi. RAM yake imechomelewa kwenye bodi, na mara nyingi ni ya aina ya LPDDR, familia moja na iliyomo kwenye simu yako. RAM ya MacBook Air imekuwa ya kuchomelewa tangu ilipotoka mwaka 2008. Nyingine zina GB 4 zilizochomelewa na soketi moja ya kuongezea. Hii ni sababu ya kuuliza kabla ya kununua laptopu, maana ya GB 4 isiyo na soketi itabaki ya GB 4 mpaka siku itakapokufa. Windows 11 inataka angalau GB 4 ili ikubali tu kuwekwa, na kwa kazi za kawaida za leo sisi tungetafuta 8.

Ukiwa umeshajua mashine yako inataka nini, si lazima usafiri. Piga picha mbili za kipande cha zamani, moja ya lebo na moja ya kibao kizima mkato ukionekana, uzitume kwa muuzaji au kwa anayekwenda mjini, pamoja na ujumbe. Huu ndio tuliotuma sisi safari ya tatu, na unaweza kuunakili ukibadilisha namba: "Tunatafuta RAM ya laptopu, DDR3L, GB 4, PC3L-12800S, volti 1.35. Picha ya ya zamani ni hii. Kama mnayo isiyo na L, tafadhali msimpe. Aipige picha lebo atutumie kabla ya kulipa."